Mkono wa Kushoto wa Dahir

Mliniuliza swali huku mmeniwekea simu mbele ya mdomo kama watu wanaompima mzee homa: "Awoowe, wapigaji gita la roki unaowapenda ni akina nani, na uzuri wao uko wapi?" Niliwaambia mzime simu, nikawafokea, nikamwaga chai yangu mwenyewe kwenye mkeka. Ifrah, mjukuu wangu anayeniita Awoowe, yaani babu, aliwaambia wenzake kwamba sukari yangu imepanda. Haikuwa imepanda. Nilikuwa na hasira, na ninapoandika haya bado ninayo, ila imepoa kiasi cha kunyoosha mstari.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Mwende, mpiga ngoma wenu, ni Mkamba, na ninyi wengine Kisomali mnakizungumza mchana kutwa lakini kukisoma mnabahatisha. Tena huenda karatasi hii ikafika kwa vijana wengine wenye magita, na wao nawasema hapa hapa, kwa hiyo wasijifiche.

Kwa asiyewajua: ninyi ni mabinti mnaopiga muziki kwenye harusi za wanawake hapa Garissa, upande ambao mwanamume haingii. Ifrah ndiye kiongozi. Hodan ndiye mpiga solo, na ni mtu wa mkono wa kushoto. Siku ile mliyokuja na simu, Ifrah alikuwa amemwambia Hodan ageuze gita, apige kwa mkono wa kulia kama watu wote, la sivyo ampishe mwingine kabla ya harusi ya Jumamosi. Mama wa bwana harusi alikuwa amemwona kwenye harusi nyingine, akasema hataki mkono wa chooni uinuliwe mbele ya wageni wake. Hodan alikuwa amekaa pembeni mwa mkeka, gita limegeuzwa mapajani, vidole vyake vinahangaika juu ya nyuzi kama kuku waliohamishiwa banda geni. Nilipomwona hivyo ndipo chai ilipomwagika. Nilishawahi kuviona vidole kama hivyo, na aliyevihangaisha nilikuwa mimi.

Basi jibu la swali lenu ni hili. Wapigaji ninaowapenda ni wawili, na mmoja tu kati yao ndiye mtakayempata kwenye simu zenu.

Wa kwanza ni Kilonzo. Alikuwa askari polisi, mfupi, mwenye mabega ya mbeba magunia, aliyehamishiwa huku kwa adhabu, maana miaka ile hakuna mfanyakazi wa serikali aliyeletwa Garissa kwa sababu anapendwa. Alikuja na sanduku la bati na gita la umeme lililoviringishwa kwenye blanketi la polisi. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kufungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la mbuzi. Roki niliijua kwa mwalimu wetu wa hisabati, kijana wa Kizungu wa kujitolea, aliyekuwa akitupigia santuri zake Ijumaa tukitoka msikitini. Nilijifunza kwa kuziiga. Nilidhani roki ni kelele na mbio, na mbio nilikuwa nazo. Siku Kilonzo alipoleta redio yake kutengenezwa, gita likiwa begani, nilimnyang'anya nikampigia kila nilichokijua mpaka shati likaloa. Alisikiliza huku anachokonoa meno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Sasa nipigie moja."

"Moja ipi?"

"Noti moja. Hizo zingine rudisha kwenye gunia."

Nikapiga noti moja. Akasema imekufa. Nikapiga tena, akasema hiyo ina homa. Wateja walikuja, wakaondoka na redio zao mbovu vile vile, na mimi bado napiga noti moja. Jua lilipoanza kulegea ndipo aliponishika kifundo cha mkono wa kulia, akanilazia ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, pale karibu na kibao kinachozishikilia kwa chini. "Vidole vya huku juu," akasema, "vinachagua neno. Mkono huu unaopiga ndio unaosema. Ukitaka noti ilie, ukitaka inong'one, ukitaka inyamaze, ni mkono huu. Mtu hasemi kwa mkono ambao si wake."

Hayo ya mwisho niliyasikia kwa sikio moja. Yangeniokoa.

Kilonzo hakuwa na vifaa hivi vyenu vya kukanyaga kwa mguu vyenye sauti mia zisizo na hata moja ya maana. Alichana karatasi ya spika kwa wembe, mistari michache tu, na gita likaanza kunguruma. Nilipoona hivyo nami nikachana spika ya kwanza iliyokuwa mezani, nikasahau kwamba ni ya redio ya mzee mmoja mteja wangu. Mzee yule alisikiliza taarifa ya habari muda mrefu akidhani msomaji ana kifua. Alikuja kuniambia, kwa huruma kabisa, kwamba serikali ingempa yule bwana likizo.

Mnacheka. Lakini kosa kama hilo lilinifunza kuliko mafanikio, kwa sababu ilibidi nilitengeneze. Ninyi mkikosea mnafuta na kurekodi upya, na hata hamjui mlikosea nini. Hilo nalo linanikera.

Nyuzi zilikuwa taabu. Zikichakaa na kufa sauti kwa jasho na vumbi, tulizichemsha kwenye sufuria, tukazikausha, zikafufuka kwa siku chache. Mke wangu alizikuta kwenye sufuria ya chai, zimelala chini kama minyoo, na tangu siku ile hadi anafariki alikuwa akiichungulia kila sufuria kabla ya kutia maji. Uzi mwembamba ukikatika tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukatumia unyuzi mmoja. Ulikata vidole, lakini uliimba.

Na joto. Mtu wa Nairobi akija kupiga huku anakaza nyuzi ndani ya nyumba, anatoka juani, kufika wimbo wa pili gita linapiga wimbo wake na yeye wake. Ukazie pale pale utakapopigia, na ulipe gita muda likae na hewa kama unavyompa mgeni muda kabla ya kumuuliza habari. Haya nayajua kwa sababu niliwahi kufunga gita langu zuri juu ya lori la kwenda Ijara, juu ya magunia, juani. Tulipofika gundi ilikuwa imeyeyuka na shingo imepinda kama upinde. Dereva alinitazama, akauliza kama nimekuja kupiga muziki au kuwinda.

Wa pili ni Dahir.

Watu walimwita Dahir Gurey, na gurey ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua. Alitoka kwa watu wa ngamia, upande wa Dadaab, kabla hakujawa na kambi wala malori ya maji, ni visima tu na miiba. Alikuja mjini kuuza ngamia dume wa baba yake, akapita kibandani kwangu kununua betri. Gita lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Akalishusha bila kuomba, akaligeuza upande wake, shingo ikaelekea kulia, akalipapasa.

"Waryaa, we bwana, umelishika kichwa chini," nikamwambia.

"Walaal, ndugu yangu, wewe ndiye umezoea kulitazama kichwa chini," akasema, na hakuliachia.

Hakuwahi kubadilisha nyuzi. Alijifunza kwenye gita langu lilivyo, limegeuzwa, kwa hiyo nyuzi nyembamba zilikuwa juu, karibu na uso wake, na nene zikawa chini. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Mtu wa mkono wa kulia akishusha mkono kwenye nyuzi zote, anaanza na uzi mnene na kumalizia na mwembamba. Sauti inapanda. Dahir akishusha mkono alianza na mwembamba, akateremka kwenye mnene. Kila mpigo wake ulifunguka kutoka juu, kama mtu anayemimina maziwa kwenye chombo kitupu. Na akitaka uzi ulie, sisi tunausukuma juu kwa shida. Yeye aliuvuta chini kwa nguvu ya mkono mzima, na uzi ulikwenda mbali, ukafika mahali ambapo mimi nikijaribu kuufikisha unakatika.

Lakini hata hayo si yote. Uzuri wake mkubwa ulikuwa kusubiri. Alikulia kisimani, ambako ngamia hawanywi wote kwa pamoja. Kundi linakaa mbali, linaitwa, linakuja, linaondoka, lingine linaitwa. Dahir alipiga hivyo. Alipiga maneno mawili matatu kwa ile spika iliyochanwa, yakanguruma, kisha akanyamaza, na katika ule ukimya ulihisi kuna kitu kinatembea kuja. Alichukua nyimbo za kunyweshea ngamia walizoimba baba yake na babu yake, noti tano tu, akazipiga kwa roki. Kilonzo alipomsikia mara ya kwanza alivua kofia ya serikali. "Huyu," akaniambia, "usimfundishe kitu. Utamharibu."

Kilonzo akahamishwa muda si mrefu. Laiti angebaki.

Tulikuwa na bendi. Mimi ridhimu na uongozi, Dahir solo, wengine wawili besi na ngoma. Tulipiga harusini, na harusi zilikuwa za watu wazito: wafanyabiashara wa mifugo, wakubwa wa ofisi. Sasa hivi nyinyi mnajiona wa kwanza kuambiwa maneno kuhusu mkono. Sisi tulianza kuambiwa zamani. Tunakula kwa kulia, tunasalimiana kwa kulia, tunapokea na kutoa kwa kulia, na mimi mtoto akininyooshea kitu kwa kushoto mpaka leo namngoja abadilishe. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini tajiri mmoja wa ng'ombe kutoka Ijara, aliyekuwa akitupa kazi kwa kila binti aliyemwoza, na alikuwa na mabinti wengi, aliniita pembeni akasema, "Yule kijana wako anawapigia wageni wangu kwa mkono ule. Mwambie abadilishe, au usije naye tena."

Nilikwenda kwa sheikh kuuliza. Alikuwa mtu mpole. Alinitazama kwa muda, akasema, "Gita mmeshika, mkapiga, mkachezesha watu, halafu unakuja kuniuliza habari ya mkono?" Akacheka mpaka akafuta macho. Nilitoka pale nimeona haya, na badala ya kuyafikiria maneno yake nikayachukulia kwamba hakunikataza. Mtu akitaka kufanya jambo lake hushika jibu lolote.

Nikamwambia Dahir ageuze.

Hakubisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angenitukana ningepata cha kujitetea. Aligeuza gita, akaanza upya kama mtoto wa chuo cha Kurani anayefuata herufi alifu kwa kijiti. Zile ngurumo zikawa vikohozi. Kule kusubiri kukawa kuchelewa. Nilimwambia, "Utazoea." Nilimwambia hivyo kila siku, kwa sauti ya mtu anayesaidia. Nilikuwa najua muziki, nilikuwa na masikio, na nilikuwa nasikia nilichokuwa nakiharibu. Kiburi cha uongozi hakinyimi mtu masikio. Humwambia tu kwamba mambo yatakuwa sawa.

Sasa mje kwenye hiyo rekodi ya Dahir mnayoipenda, iliyo kwenye simu zenu.

Tajiri yule alikuwa akimfanyia binti yake shaash saar, ile sherehe ya alasiri ambapo wanawake humvika bibi harusi ushungi wa mke wa mtu. Ni ya wanawake peke yao. Kwa kuwa hapakuwa na mabinti kama ninyi wa kupiga, na yeye alitaka bendi ili watu waseme, alitundika pazia zito katikati ya ukumbi. Wanawake upande mmoja, sisi wanaume wanne upande wa pili, tumefungiwa kama mbuzi wa mnada, tunasikia vigelegele na kunusa uvumba bila kuona kitu. Mmoja wa wanawake kule alikuwa na redio kaseti, na wenzake walipoanza kuimba akabonyeza kurekodi. Ndiyo hiyo iliyosafiri, ikapita mikononi mwa watu, ikaenda ng'ambo na waliokwenda, na miaka yote hii baadaye mtu akaiweka kwenye mtandao, nanyi mkaipata.

Tulipiga nyimbo za kwanza, Dahir kwa kulia, vibaya. Kisha wanawake wakaanza kuimba wao wenyewe, tukaingia nyuma yao. Dahir akatazama pazia. Hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa sisi. Akageuza gita.

Siwezi kuandika alivyopiga, na ninyi mmesikia. Lile gita lililokuwa likikohoa liliamka. Alijibizana na wale wanawake, wakiita anajibu, wakinyamaza anasubiri, na wao wakaanza kumngojea. Upande wa wanawake ukumbi ulilipuka. Mpiga besi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu chake. Na mimi nilisimama pale, ridhimu yangu mkononi, nikaona mkono wa kushoto ukipanda na kushuka, na badala ya kusikia nikaona mtu niliyemwamrisha ambaye ameniasi. Nikatazama pazia, nikahofia upepo utalifunua. Huo ulikuwa uongo niliojiambia. Pazia lilikuwa zito, na upepo haukuwepo.

Katikati ya sentensi yake nikanyoosha mkono, nikabana kiganja juu ya nyuzi zake.

Hapo ndipo muziki unapokatika kwenye rekodi. Ule mkato. Unasikika mlio mdogo wa nyuzi kuzibwa, kisha kimya, kisha mwanamke mmoja anauliza, "Kumetokea nini?" na kaseti inaisha.

Mnaupenda sana mkato huo. Mnauiga. Nimewaona mazoezini, Hodan anafika pale pale, Ifrah anainua mkono, wote mnakata pamoja, na huko harusini naambiwa wanawake wanapiga vigelegele kwa kuwa ni wa ghafla na umepangwa vizuri. Kuna kijana mmoja wa Nairobi ameuweka kwenye wimbo wake. Wasichana, huo si mtindo. Hicho ni kiganja changu.

Dahir aliniangalia. Akachomoa waya wa amplifaya, polepole ili usipige kelele, akaninyooshea gita. Kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. "Shika, walaal," akasema. "Kama mkono ndio ulioutaka, mimi sikuuleta mjini uje kufunzwa." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na bendi ikamalizia alasiri ile bila solo.

Nilimtafuta? Nilichelewa. Nilikuwa na hasira naye kwanza, muda mrefu, hebu fikirini, mimi na hasira. Nilimkuta baadaye sana huko Elwak, amekuwa mfanyabiashara wa ngamia, ndevu zimeingia mvi, anakula na kusalimu kama watu wote. Alinipa chai ya maziwa na nyama, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nilimwambia arudi, nina gita jipya, apige anavyotaka. Akanionyesha mkono wa kushoto, umejaa sugu.

"Huu sasa unashika kamba ya ngamia," akasema. "Ngamia hajawahi kulalamika."

Tulicheka. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, na kicheko kile kikanipa njia ya kukwepa, nikaipita. Nikapanda gari la kurudi. Aliyekuja kuniambia kwamba amekufa alikuwa mtu wa Elwak aliyeleta mbuzi sokoni, na alinitajia kama habari ya kawaida, huku akitafuta mahali pa kivuli pa kusimamisha lori.

Na bado sijamaliza makosa yangu. Rekodi ilipoanza kupata jina, watu walikuja kuniuliza juu yake, na mimi nikawaambia: ndiyo, Dahir, nilimnyoosha mimi, alikuwa mtu wa kushoto, nikamgeuza kulia, mkasikia matunda yake. Nilisema hivyo mbele ya watoto wangu. Nilisema hivyo Ifrah akiwa anatambaa. Kwa hiyo siku ile ya chai, nilipomfokea amwache Hodan, alinijibu kwa sauti tulivu inayofanana na yangu mpaka inatisha.

"Awoowe, si wewe mwenyewe ulisema? Dahir aligeuza na ndiyo akawa vile. Hodan pia atazoea."

"Nani kakwambia atazoea?"

"Wewe. Mara ngapi."

"Mara zote hizo nilikuwa mwongo."

Mwende akaacha kutafuna. Nikafanya kazi niliyoizoea. Nikamwambia Ifrah achukue gita ashushe mkono kwenye nyuzi zote. Akapiga, sauti ikapanda, nene kuja nyembamba. Nikamwambia Hodan aligeuze upande wake apige vile vile. Sauti ikamiminika kutoka juu. "Tena," nikasema. "Sasa fumbeni macho, muweke hiyo rekodi yenu."

Hodan ndiye aliyefumbua wa kwanza. Nilimwona akimtafuta Ifrah kwa macho.

Ifrah alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha, akasikiliza tena. "Inatoka juu," akasema. "Yote inatoka juu." Kisha, "Na ule mkato?"

Nikamwonyesha kiganja changu. Hiki hiki kinachoandika.

Nilidhani angelia, au angenikumbatia, kama wajukuu wa kwenye tamthilia za Kituruki mnazozitazama. Hakufanya hivyo. Alikasirika, na nilimheshimu kwa hilo. "Sasa nifanye nini, Awoowe? Mama wa bwana harusi amesema atatoka ukumbini. Atatoka mbele ya watu wote, na aibu itakuwa ya familia ya bibi harusi, si yangu peke yangu. Wewe unakuja leo na ukweli wako, uliuweka wapi wakati wote?"

Ni swali zuri kuliko lile la kwenye simu. Nikamwambia tu kwamba mimi nilikuwa kiongozi nikachagua, na yeye ni kiongozi atachagua, na asije akaniletea siku moja hadithi ya kunyoosha mtu. Mkakusanya vitu vyenu. Hodan alikunja mkeka uliolowa chai yangu, akaupeleka juani.

Jumamosi sikualikwa, bila shaka. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilikaa nje ya ukumbi, kwenye benchi la muuza chai kando ya lango, pamoja na madereva waliowaleta wanawake. Mmoja alikuwa akilalamika kwamba siku hizi harusi zina makelele ya roki. Nikamwambia anyamaze. Aliniangalia mvi, akanyamaza.

Mliingia kwa wimbo ambao gita halikuwa na kazi, na mimi nikakasirika nikidhani mmemwondoa Hodan. Kisha wanawake wakaanza wimbo wao wa kumvika ushungi, Mwende akaingia chini yao polepole, na ukaja mpigo mmoja, mmoja tu, ukavuka ukuta.

Ulitoka juu.

Mama wa bwana harusi alitoka kweli. Nilimwona akipita langoni, shali imemwangukia begani, akimwita dereva wake, na dereva alikuwa ndiye yule niliyemnyamazisha. Alisimama pale akingoja gari ligeuzwe. Gari liligeuka, yeye bado amesimama, anasikiliza, kwa uso wa mtu asiyetaka kuonekana anasikiliza. Aliondoka au alirudi ndani? Aliondoka. Sitawadanganya tena ili hadithi ipendeze.

Hodan akaendelea. Alimjibu kila mwimbaji. Alisubiri panapostahili kusubiriwa. Ulikuwa ule ule wa kwenye rekodi, nilikuwa naujua noti kwa noti, na nilijua tunakaribia pale penye mkato, na mkono wangu wa kulia ukaanza wenyewe kujikunja juu ya goti. Nikaubana chini ya paja. Muuza chai akauliza, "Mzee, kuna nini?"

Mkafika. Hamkukata.

Hodan alipita pale pale nilipowahi kuweka kiganja, akamaliza ile sentensi, kisha akaendelea kwenda mahali ambapo Dahir hakuruhusiwa kufika. Mimi niliyekuwepo, niliyesimama karibu naye kuliko mtu yeyote, sikuwahi kujua wimbo ule unaelekea wapi. Nilisikiliza kama mgeni. Palikuwa na noti mbili tatu mbaya, Hodan, na uzi wa tatu ulikuwa umelegea kwa joto; nimekwambia ukazie pale pale unapopigia. Lakini nimesikia.

Dereva mwingine aliuliza nani anapiga. Nikamwambia ni Hodan, gurey.